Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na wakubwa wa KUCCPS: hizi pointi mnazopunguza zinamfikia nani?

Kwa Waziri wa Elimu, kwa bodi na wakuu wa KUCCPS, nyinyi mnaowapangia watoto nafasi za vyuo, na kwa waheshimiwa wa Kamati ya Elimu bungeni,

Hamjambo wakubwa. Mimi ni mwalimu wa kemia na hesabu kwenye shule moja ya kutwa huko ndani Ganze, Kaunti ya Kilifi. Shule siitaji manake kesho nataka niingie kazini bila maneno ya watu. Najua barua za walimu mshazizoea, zote mshahara mshahara, hii si ya mshahara, hiyo tutaongea siku ingine.

Hii ni ya pointi za kuingilia chuo. Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakitoka na potali yenu ikifunguliwa ule ubishi unaanza upya, wengine wanasema mambo ya kupunguziana pointi yaishe, kila mtu aingie chuo na jasho lake, wengine wanasema bila upendeleo maalum watoto wa huku kwetu udaktari na uhandisi watausikia redioni tu. Mimi niko na hawa wa pili, nasema mapema msije mkanitafuta maneno katikati ya barua. Lakini niko nao nikiwa na kinyongo na nyinyi, sababu upendeleo wenyewe venye unavyoenda, anayefaidi mara nyingi si yule mtoto mnayemsema kwenye hotuba. Ombi langu ni moja tu na nitalizungukia mpaka mchoke: mtoto apimwe kulingana na shule aliyosomea. Muache kuangalia jina la kaunti kwenye kitambulisho cha babake.

Sheria mnayo, sijaja kuwafundisha. Katiba ya 2010 kifungu cha 27(6) inaiambia serikali ichukue hatua za upendeleo kurekebisha hasara walizopata watu kwa kubaguliwa zamani, kifungu cha 56 kinataja wachache na waliotengwa na kinataja elimu kabisa, alafu Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, ileile iliyowazaa nyinyi KUCCPS mkachukua kazi ya JAB, ile bodi ya zamani ya kuchagua wanafunzi wa vyuo, imewapa jukumu la kutengeneza vigezo vya kuwasaidia waliotengwa, jamii za wachache na watu wenye ulemavu. Kwa hivo anayesema upendeleo wote ni haramu aende akagombane na katiba. Ubishi wetu ni wa namna ya kuufanya.

Tuanze na hii meriti, manake wanaoipigia kelele wengi wana umri wangu na wanasahau makusudi. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua ile programu ya kujilipia, watu wakaiita paralelo, na vyuo vingine vya umma vikafuata mbio mbio. Enzi hizo JAB ilikuwa inachagua watoto wa serikali kwa kuhesabu vitanda, vitanda vikiisha na nafasi zimeisha, una B yako mkononi unarudi nyumbani kuchunga mbuzi. Maelfu ya watoto waliokuwa wamefikisha C+, gredi ya kuingilia chuo, wakaachwa nje hivo hivo. Na mlango wa pili uko wazi, mtu ana pointi chini ya zile za yule maskini aliyekosa kitanda, lakini mzee wake anaweza kulipa, basi anaingia anasoma sheria, anasoma udaktari, anasoma uhandisi, na leo ndo hao wanatutibu na wanatutetea kortini na wala sisemi ni wabaya, wengine ni wazuri sana. Ninachouliza ni hiki, miaka yote hiyo pesa ndo zilikuwa zinapunguza pointi, mbona hatukusikia meriti ikililiwa? Hakuna aliyeandamana. Hakuna aliyeenda kortini kusema mgonjwa atakufa mikononi mwa daktari wa paralelo. Ikawa sawa tu kwa sababu aliyepunguziwa alikuwa na hela.

Na hizo gredi zenyewe tuziheshimu lakini tusizisujudie. Mwaka 2015 A zilikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 Matiang'i, waziri wa elimu wa wakati huo, akafunga mianya ya wizi wa mtihani, A zikawa 141. Mia moja arobaini na moja, nchi nzima! Waliopata C+ kwenda juu wakawa 88,929, serikali ikaweza kuwachukua wote na paralelo ikaanza kufa yenyewe. Sasa zile A za 2015 zingine zilikuwa za nani, na zilimnyima nani nafasi? Hakuna aliyerudishwa nyumbani. Tangu hapo namba zimepanda tena, 2024 A zilikuwa 1,693 na waliofikisha C+ wakawa 246,391, sawa, hongera zao, ila mtu akiniambia gredi ni kipimo safi kisicho na mkono wa mtu ndani yake mimi huwa nacheka kwanza.

Wacha niwaeleze gredi ya kemia inavyopatikana kwetu. KCSE ya kemia ina karatasi tatu, ya tatu ni ya praktiko, mtoto anakaa mbele ya bireti na pipeti anapima asidi tone kwa tone mpaka rangi ibadilike. Shule yangu bireti nzima hazitoshi hata nusu ya darasa, kwa hivo tunafanya kwa zamu, na hapo nasema mazoezi ya kabla ya mtihani, na kabla ya fomu foo wengi wao hawajaigusa kabisa, nimewachorea ubaoni. Maji ya kuoshea vyombo ni ya kuchotwa, wakati wa kiangazi tunachagua kati ya labu na jikoni na jikoni inashinda, na ingekuwa mimi prinsipo pia ningeipa jikoni. Niliwahi kuwa na msichana mmoja hapo, akapata B- , shule nzima wastani ni D. Anatembea asubuhi, anarudi jioni anachota maji, taa ya kusomea ni ya simu ya kakake wakati kaka yuko. Huyo B- yake mimi naijua imetoka wapi. Alafu kuna mwingine shule ya bweni kubwa ya kitaifa, labu tatu, walimu wa kemia wanne, maktaba, mtihani wa majaribio kila wiki mbili, likizo ana tuisheni, amepata B+. Nani kati ya hao wawili ana kichwa cha kuhimili miaka sita ya udaktari? Wawili wanakwea mnazi, mmoja kapewa uliokatwa vidato mpaka juu na mwingine kapewa ulio mtelezo, nyinyi mnasimama chini mnapima nani yuko juu alafu mnaita hiyo ni bidii. Na mimi ni mtu wa hesabu, ile fomula yenu ya klasta, ya kupigia hesabu pointi za kila kozi, naijua, masomo manne juu ya 48, masomo saba juu ya 84, zidisha, toa kipeuo cha pili, zidisha na 48, fomula haina shida yoyote. Shida ni vile vitu ambavyo fomula haijui.

Sasa nyinyi mkiulizwa mnasema mnazingatia jinsia, ulemavu na maeneo yaliyoachwa nyuma. Vizuri. Na haya maeneo kila mtu akiyataja anataja zile kaunti 14 za Tume ya Ugavi wa Mapato, zilizoorodheshwa kwa ajili ya Mfuko wa Usawazishaji wa kifungu cha 204 cha katiba: Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit, Samburu, West Pokot, Tana River, Narok, Kwale, Garissa, Kilifi, Taita Taveta, Isiolo na Lamu. Kama mna kigezo kingine ndani ya kompyuta zenu basi mzazi wa huku hajawahi kuonyeshwa.

Mimi niko ndani ya hiyo orodha. Kilifi. Ningepaswa nifurahi ninyamaze. Lakini Kilifi ni ipi? Kuna Kilifi ya Mtwapa na Malindi na ufuoni Watamu, kuna akademi zenye basi la manjano na bwawa la kuogelea, kuna watoto wa wenye hoteli na wa maafisa wakubwa. Alafu kuna Kilifi ya Ganze na Magarini huku juu. Mtoto wa akademi ya Mtwapa na mtoto wangu wa Ganze wakiandika kaunti wanaandika neno lile lile, Kilifi. Upendeleo ukigawanywa kwa kaunti mtoto wa Mtwapa ataupata kabla ya wangu, manake tayari yeye yuko juu kwa gredi, pointi mbili mkimwongezea zinamvusha, wangu mkimwongezea hizo hizo mbili bado yuko ng'ambo ya mto. Na hatujafika kwa yule ambaye babake ni mtu mkubwa wa Mandera au wa Garissa lakini kazaliwa South C, kasoma akademi Nairobi, sekondari kaenda shule ya kitaifa, Mandera anaiona harusi ikiwapo. Huyo naye ni wa eneo lililotengwa? Na mtoto wa Mukuru au Kibera anayesomea shule ya mabati, kaunti yake ni Nairobi, basi yeye hajatengwa, ana bahati, anaishi karibu na Ikulu.

Kitu kinachonishangaza ni kwamba wenzenu wa hiyo Tume walishaliona hili zamani. Sera yao ya kwanza ilitaja kaunti 14, sera ya pili ikaacha kutaja kaunti nzima nzima ikashuka chini kutafuta maeneo madogo, wakapata 1,424 yaliyo ndani ya kaunti 34. Thelathini na nne! Maana yake umaskini uko hata kwenye kaunti ambazo kwenye ramani zinaonekana za kijani. Kama pesa za maji na barabara zinaweza kufuata maeneo madogo, nafasi ya chuo nayo itashindwaje?

Na msidhani napuuza historia. Kutengwa kwa kaskazini na pwani si hadithi ya kubuni. Ule Waraka wa serikali namba 10 wa 1965 ulisema wazi wazi pesa za maendeleo ziende zaidi kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, na yenye watu walio tayari kwa maendeleo. Yaani serikali ilikaa chini ikaandika. Shule nzuri zikajengwa ambako zilikuwa zishajengwa na wamisheni na wakoloni. Alafu ikaja enzi ya Mzee Moi na mfumo wa elimu wa 8-4-4, 1985, ikawekwa kwota ya kwamba asilimia 85 ya nafasi za sekondari, ukitoa zile za kitaifa, ziende kwa watoto wa eneo hilo hilo. Ilisemwa ni ya kusaidia. Kilichotokea ni mtoto wa Wajir akafungiwa kwenye shule za Wajir na wa Tana River akafungiwa Tana River, na wenye shule nzuri wakabaki na shule zao nzuri. Ndo maana nikisikia kwota yoyote inayogawanywa kwa ramani nashtuka, hii tushaila ikatuumiza tumbo.

Kaskazini kuna jingine tena. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lilisimamishwa Mandera, watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wanaenda likizo ya Disemba. Aprili 2, 2015 ikawa Chuo Kikuu cha Garissa, 148. Walimu kutoka nje wakaanza kuomba uhamisho, mwaka 2020 baada ya mashambulizi mengine tena TSC, tume inayoajiri walimu, ikawahamisha wengi, na siwalaumu, mimi mwenyewe ningekimbia. Lakini yule mtoto aliyekuwa fomu tuu akabaki bila mwalimu wa fizikia mpaka siku ya mtihani, mtihani ule ule wa Alliance, shule kubwa ya kitaifa, saa ile ile. Huyo nampa pointi bila kuuliza. Na angalieni, nampa kwa sababu ya shule yake kukosa mwalimu, simpi kwa kuwa ni wa kabila fulani au kaunti fulani.

Kuhusu wasichana niseme kidogo, najua ni moto. Tangu enzi za JAB wasichana wanapunguziwa pointi na mimi nakubali ilihitajika na kwenye uhandisi na kompyuta bado inahitajika, ingieni darasa lolote la uhandisi wa umeme mhesabu. Lakini KCSE ya 2024 watahiniwa wasichana walikuwa 482,202 na wavulana 480,310, hiyo si nchi ya 1980. Kuna kozi kama ualimu na uuguzi ambazo sioni ni kwa nini msichana wa shule ya kitaifa apunguziwe kumpita mvulana wa shule ya kutwa. Iangaliwe kozi kwa kozi. Ya watu wenye ulemavu isiguswe, iongezwe.

Kuna watu watawaambia mbona Marekani wameufuta huu upendeleo. Ni kweli Mahakama yao ya Juu mwezi Juni 2023 ilikataza vyuo kama Harvard kuangalia rangi ya mtu wakati wa kuchagua wanafunzi, na mwaka uliofuata kwenye chuo cha MIT wanafunzi weusi wa mwaka wa kwanza wakashuka kutoka kama asilimia 13 hadi 5. Ubishi wao ni wa rangi na historia yao ya utumwa, katiba yao haina kifungu kama 27(6) chetu, kwa hivo hukumu yao si dawa ya ugonjwa wetu. Ila kuna kitu kimoja cha kuiba kwao. Texas walipozuiwa na mahakama 1996 kutumia rangi, mwaka 1997 bunge lao likapitisha sheria kwamba aliye kwenye asilimia 10 ya juu ya darasa lake, shule yoyote ile, ana nafasi kwenye vyuo vikuu vya serikali vya jimbo. Shule ya mashambani, shule ya mtaa wa maskini, ukiwa wa juu kwenu unaingia. Chuo Kikuu cha Texas kilicho Austin kilikuja kufurika mpaka wakakiruhusu kupunguza hiyo asilimia, lakini wazo lilibaki.

Brazil nao wana sheria ya 2012, namba 12.711, nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya serikali kuu ni za waliosoma sekondari yote kwenye shule za umma, na ndani ya hiyo nusu wakagawanya tena kwa kipato cha nyumbani na kwa rangi. Sekondari YOTE, si mwaka wa mwisho. Waliona mbali. Jirani zetu Uganda walianza mapema kabisa, Makerere tangu 1990 wasichana wanaongezwa pointi 1.5, na 2005 wakaweka nafasi za wilaya, na hapo kwa wilaya ndo pakaanza malalamiko yale yale ninayowaambia, kwamba watoto waliosoma shule kubwa za Kampala na Wakiso wanajaza fomu kwa wilaya ya babu na wanachukua nafasi ya mtoto aliyebaki kule kwa babu.

Basi mnifanyie hivi, na si kazi kubwa kama mtakavyoambiwa na wataalamu wa warsha za Naivasha. Namba ya mtahiniwa wa KCSE ina tarakimu 11, nane za kwanza ni shule. Mtoto akiingia kwenye potali yenu na hiyo namba, shule yake mnayo tayari. KNEC, baraza la mitihani, wana wastani wa kila shule wa kila mwaka, kupanga shule hadharani kulipigwa marufuku lakini data haikuchomwa moto. Chukueni wastani wa shule wa miaka mitatu hivi, mpime mtoto amepanda kiasi gani juu ya shule yake. Aliyepata B- mahali wastani ni D apewe uzito, aliyepata B- mahali wastani ni B+ asipewe, hata kama wote wanaitwa Wakilifi. C+ ibaki pale pale, masharti ya masomo ya kila kozi yabaki pale pale, sitaki mtu aende udaktari na D ya kemia, mimi ndo nafundisha hiyo kemia najua D ni nini.

Najua mtaniambia watu watacheza na mfumo. Watacheza, hii ni Kenya. Mzazi atamtoa mtoto shule ya kitaifa fomu foo ampeleke akafanyie mtihani shule ya kutwa kijijini apate uzito. Kwa hivo hesabuni waliokaa shule hiyo tangu fomu wani au angalau fomu tuu, rekodi iko, kila mtoto alipewa ile namba yake ya UPI kwenye NEMIS, mfumo wa wizara wa rekodi za wanafunzi, inaonyesha alipokuwa. Na mkipata aliyedanganya ondoeni, msimwachie mheshimiwa apige simu. Mtaniambia tena shule zitafurahia kuwa na wastani mbaya. Hapana bana, hakuna prinsipo anayetaka D, tunafukuzwa na wazazi.

Alafu mtoto akishaingia msimwache kama mzigo wa matatu uliofika steji. Mtu aliyeona bireti mara chache maishani anawekwa kwenye labu ya mwaka wa kwanza na wenzake waliozaliwa ndani ya labu, muhula wa kwanza anaanguka, wale wa meriti wanasema si tuliwaambia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimewahi kuwa na kozi ya awali ya wiki kadhaa kwa wasichana waliokaribia kuingia uhandisi lakini wakapungukiwa kidogo, wanapigwa msasa wa hesabu na fizikia ndo wanaingia. Hilo nalo ni la kuiga, vyuo vyetu vina miezi mizima kati ya matokeo na kufunguliwa, watoto wako nyumbani wanauza mahindi.

Na pesa. Hii ndo inaniumiza zaidi manake pointi mnaweza kumpunguzia leo na kesho akose kuripoti. Ule mtindo mpya wa ufadhili wa 2023 umewagawanya watoto kwa bendi tano, wa bendi ya kwanza anapata ufadhili asilimia 70, mkopo 25, nyumbani watoe 5, wa bendi ya tano nyumbani watoe 40. Kwa karatasi ni mzuri, hata mimi niliusifu. Shida ni anayesema wewe ni bendi gani. Mwaka 2024 wanafunzi waliandamana kwa sababu watoto wa vibarua walijikuta bendi za juu, na Disemba hiyo hiyo Mahakama Kuu ikasema mtindo wenyewe unakiuka katiba, Mahakama ya Rufaa ikaja kusimamisha huo uamuzi 2025. Mzazi wa huku hata hajui bendi inapigiwaje hesabu, fomu imejazwa saiba na kijana aliyekuwa na foleni ya watu nyuma yake, kaulizwa kipato cha mwezi, mzee anauza makaa hana kipato cha mwezi, kijana kaandika namba iliyomjia. Mtoto amepewa upendeleo kwenye lango la chuo akanyimwa kwenye lango la karo. Ofisi mbili za wizara moja. Si mngeongea?

Jambo la mwisho ni uwazi na hili halihitaji hata senti. Andikeni ukurasa mmoja, Kiswahili na Kiingereza, mseme: kwenye kozi hii nafasi ni ngapi, walioingia kwa pointi kamili ni wangapi, walioingia kwa upendeleo ni wangapi, wa jinsia wangapi, wa ulemavu wangapi, wa eneo wangapi, na hao wa eneo walisomea shule za aina gani, za kitaifa, za kaunti, za kutwa, au akademi. Msitaje jina la mtoto yeyote. Hapo kila mtu ataona kama nadanganya. Mimi nabashiri mtakuta wengi wa hao wa maeneo yaliyotengwa walitoka shule ambazo hazijatengwa hata kidogo, na kama nimekosea mtanionyesha na nitanyamaza.

Muda wenyewe si mwingi. Watakaofanya KCSE 2027 ndo wa mwisho wa 8-4-4. Hawa wa mtaala mpya wameingia gredi ya 10 Januari 2026, chuo watafika 2029, na kipimo chao bado mnakijenga. Na tayari naona shule za sekondari ya juu zimepangwa kwa ngazi na kwa njia za masomo, na ile njia ya sayansi inataka labu, na shule isiyo na labu ni ile ile niliyowaeleza. Mtoto wa Ganze akipangiwa njia ya sanaa au ya sayansi ya jamii kwa kuwa shule ya karibu haina labu, 2029 hatakuwa hata kwenye foleni ya udaktari ya kupunguziwa pointi. Kwa hivo hii ya uzito wa shule wekeni sasa, jaribuni kwanza na kozi chache, udaktari, uhandisi, famasia na sheria, kwa hao wa 2027, muone hesabu inasemaje kabla ya wale wengine kufika.

Mkitaka mwalimu wa kukaa na vijana wenu wa kompyuta awaonyeshe hesabu ya wastani wa shule, mimi likizo ya Agosti huwa niko. Nauli ya Nairobi nitajitafutia, chai mtanipa.